Jina Nililoliruka

Nargis alipokuja kuniambia kwamba mwandiko wangu umetundikwa kule ngomeni, nilikuwa juu ya paa napindua aprikoti. Jua lilikuwa kali na nyuki wamejaa kwenye mikeka. Nikasimama na tunda mkononi.

“Mwandiko wangu upi?”

“Wa barua, Bibi. Zile ulizokuwa unamwandikia Babu kupeleka ng’ambo. Msanii amezipata picha zake kutoka kule. Mimi niliujua mara moja, kwa ile herufi mim yako yenye mkia mrefu kama wa paka.” Akacheka, akidhani ameniletea zawadi.

Nargis ni binti wa mwanangu Ishaq. Tangu ngome ya raja, mtawala wetu wa zamani, ilipokarabatiwa, kazi yake ni kuwatembeza wageni mle ndani. Safari hii wageni walikuja kwa ajili ya maonyesho ya sanaa kuhusu mpaka, yaliyoletwa na dada mmoja msanii wa Lahore, Shehla jina lake. Kijiji kizima kilikuwa kimeshakwenda kutazama. Mimi nilisema magoti yananiuma.

“Sasa huna udhuru,” Nargis akasema. “Baba atakupeleka kwa gari mpaka langoni. Na kuna sauti, Bibi. Wazee wa Chulithang wamenaswa sauti zao. Huenda yumo hata ndugu yake Babu.”

“Na wanawake wamo?”

“Wamo. Sijazisikiliza zote. Wageni wananimaliza pumzi.”

Nikainama nikaendelea na kazi. Aprikoti ukiipindua kabla haijashika inachanika, na siku ile nilichana nyingi.

Lazima nieleze kwa nini niliogopa, maana nisipoeleza hapa, yanayofuata hayataeleweka.

Mume wangu, Rozi Ali, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Chulithang, kijiji cha juu kando ya mto Shyok. Katika vita vya mwaka sabini na moja alikuwa ameshuka huku kwetu na magunia ya aprikoti kavu, auze anunue chumvi na chai. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi na mbili mpaka ukashuka bondeni, na kulipokucha Chulithang ilikuwa nchi nyingine. Yeye na punda wake wakabaki huku. Kule akawa amemwacha mama yake, kaka yake Hasan, na mke aliyekuwa amekaa naye kiangazi kimoja tu. Mke huyo aliitwa Bilqis.

Hakunificha. Aliponiposa, mimi nikiwa na miaka kumi na saba, alimwambia baba yangu mbele yangu, “Nina mke kule. Njia ikifunguliwa watakuwa wawili.” Nikakubali. Njia ilikuwa imefungwa miaka mitatu, na mimi nilidhani itafungwa milele.

Wakati ule barua zilipitia Makka. Haji wa huku na haji wa kule walitafutana penye tawafu, wakabadilishana barua zilizoshonwa ndani ya mikanda. Ilichukua mwaka mzima barua kufika. Na kwa kuwa askari wa pande zote mbili waliwapekua mahaji na kuzifungua, watu hawakuandika habari. Waliandika salamu tu. Salamu kutoka kwa mama, salamu kutoka kwa Hasan, salamu kutoka kwa mke wa Hasan na watoto wake, mmoja mmoja kwa jina, mpaka karatasi iishe.

Tena kwetu kifo hakiandikwi kwenye barua. Mtu akifa, jina lake linaachwa. Msomaji anasoma salamu kwa sauti, waliokaa wanahesabu kwa vidole, na jina lisipotajwa wanajua. Hakuna anayeuliza. Wanawake wanafunika vichwa, na siku ya arobaini nyumba ile inaoka mikate ya shayiri na kugawa sadaka.

Mimi ndiye niliyekuwa msomaji. Nilisoma mpaka darasa la tano, na wanawake wengi wa rika langu hawakuona mlango wa shule. Rozi hakujua kusoma hata jina lake. Nyumba kumi na nne za huku zilikuwa na watu kule, na zote zilileta barua zao zisomwe jikoni kwangu. Waliniamini kama wanavyoiamini mizani ya msikitini.

Barua yetu ya kwanza ilifika mwaka wa nne wa ndoa yangu. Nilikuwa nimezika mtoto wa kike wiki tatu kabla. Siku hizo hizo uvumi ulikuwa umezagaa kwamba wanaume wawili wamevuka kwa miguu kupitia barafu ya juu, na Rozi alikuwa ameanza kushona viatu vizito. Nikaifungua barua. Salamu kutoka kwa mama yako. Salamu kutoka kwa Hasan. Mstari wa tatu ulisema, salamu kutoka kwa Bilqis, ambaye bado anakuwekea sehemu yako ya siagi.

Nikauruka. Nikasoma wa nne.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa angekanyaga bomu kule juu. Ni kweli niliogopa. Lakini Mwenyezi Mungu hadanganywi, na kwake nimeshasema: ulikuwa ni wivu. Ile siagi ndiyo iliyonichoma.

Rozi alihesabu vidole vyake. Akahesabu tena. Akasema, “Rudia tangu mwanzo.” Nikarudia, nikauruka tena, na mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Akatoka nje akakaa karibu na punda mpaka alasiri. Viatu hakuvishona tena. Siku ya arobaini aliniletea unga wa shayiri mwenyewe, nami nikakanda, nikaoka mikate ya matanga ya mwanamke aliye hai, nikaibeba nyumba kwa nyumba, watu wakipokea na kusema Mungu amrehemu.

Barua ya pili, ya tatu na ya nne zilikuja na jina lake, na zote nikaliruka. Katika majibu niliyoandika kwa niaba ya Rozi, yeye akitamka na mimi nikishika kalamu, salamu za Bilqis hazikuwemo, maana nani hutuma salamu kwa maiti? Kisha ikaja barua ya tano. Nikautafuta ule mstari ili niuruke, nisiuone. Jina halikuwemo kweli. Nikajua amekufa, na nikafanya jambo ambalo naliogopa kulisema hata sasa: nikashukuru. Niliona kama Mungu ameusitiri uongo wangu kwa kuufanya kweli.

Rozi alifariki kipupwe cha mwaka juzi. Jioni yake ya mwisho nilikuwa namkanda miguu. Akasema, “Kulsum, umenitunza vizuri. Sasa nakwenda kwa yule niliyemwacha.” Alikuwa anatabasamu. Nami nikaendelea kukanda.

Basi Ishaq alinipeleka ngomeni siku ya Jumatatu.

Langoni palikuwa na foleni. Kijana mmoja alikuwa ameketi nyuma ya meza na muhuri, anamuuliza kila mtu jina, jina la baba, na sababu ya kuingia, kisha anamgonga muhuri mgongoni mwa kiganja. Ilikuwa sehemu ya maonyesho. Mbele yangu alikuwepo Sogra, jirani yangu, aliyekuwa anakuja kwa mara ya tatu kwa sababu ya chai ya bure.

“Sababu ya kuingia?” kijana akamuuliza.

“Mama yangu alileta siagi ya kodi kwenye mlango huu miaka thelathini,” Sogra akasema. “Nimekuja kuidai.”

“Bibi, natakiwa niandike sababu.”

“Andika siagi! Hebu mtazameni, hana hata ndevu na ananizuia kama mkuu wa kituo. Gonga muhuri wako, mwanangu, lakini gonga taratibu, ngozi yenyewe ndiyo hii iliyobaki.” Akanigeukia. “Mama Ishaq! Magoti yamepona? Au umesikia kuna biskuti?”

Nikamwambia kwamba Nargis ameng’ang’ania. Akanishika mkono tukaingia pamoja.

Uzi mwekundu wa sufu ulikuwa umetandazwa sakafuni, unapita chumba hadi chumba, unapanda ngazi, unapita katikati ya jiko la zamani la raja na kuigawa meza ya chakula iliyokatwa kwa msumeno vipande viwili. Kila nusu ilikuwa na bakuli nusu na mkate nusu. Wageni wa mjini walikuwa wanapiga picha. Sogra alitazama akasema, “Waliokata meza hii hawakuwa na mama.” Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama pale uzi ulipoelekea.

Uliingia ghala la siagi, chumba kisicho na dirisha. Mle ndani barua zilikuwa zimening’inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti, kama tunavyoning’iniza aprikoti zenye kokwa. Nilizijua kabla ya kuzifikia. Barua kumi na moja kwa mkono wangu. Zilikuwa zimepigwa picha kubwa, kila herufi kama kidole, na watu wanazipita, na hakuna aliyeona kasoro yoyote. Kasoro yenyewe ilikuwa haipo pale. Kasoro ilikuwa jina lisiloandikwa.

Chini ya barua zetu palikuwa na kiti na visikilizio vya masikioni. Nargis, aliyekuwa mle na wageni, akaniketisha, akanivalisha, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee. Alizungumza lugha yetu, Kibalti cha Chulithang, kile alichozungumza Rozi, chenye kuvuta maneno mwishoni.

“Mimi naitwa Bilqis. Niliolewa na Rozi Ali wakati wa kuchuma aprikoti. Alishuka bondeni na magunia, akaniambia siku kumi. Mama mkwe wangu nilimtunza mpaka akafia mikononi mwangu. Barua za Rozi zilipokuja, zilisomwa nyumbani kwetu na mwalimu, nami nilisimama mlangoni nasikiliza salamu mpaka mwisho. Nilisikia salamu za mama, za Hasan, za watoto, hata ng’ombe mwekundu alisalimiwa. Mimi sikusikia jina langu. Barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hapo nikawaambia, na mimi msilitaje jina langu kwake tena. Sikuolewa, maana hakunipa talaka. Nilikaa tu. Mimi sina hasira, nimezeeka. Nataka kuuliza neno moja. Nilimkosea nini? Kama yupo huko anayejua, aniambie kabla sijaenda.”

Kisha sauti ikakatika, na ikaanza ya mtu mwingine.

Nikavua vile visikilizio. Nargis alikuwa anazungumza na mimi, nami simsikii. Miaka arobaini nimemwombea yule mwanamke rehema kama marehemu, nikidhani ninalipa. Kumbe alikuwa anakamua ng’ombe wake.

“Sauti hii imenaswa lini?” nikamuuliza.

“Mwaka jana, vuli. Dada Shehla ana mwenzake kule ng’ambo, ndiye anayenasa na kutuma kwa mtandao. Bibi, ni nani? Mbona umebadilika rangi?”

“Nipeleke nyumbani.”

Pale mlangoni palikuwa na kiti kingine, na kinasa sauti mezani. Kila aliyetaka aliweza kukaa na kutuma maneno yake ng’ambo. Sogra alikuwa ameshakaa, anamtumia salamu binamu yake. “Mwambie yule kuku aliyemwazima kwangu kabla ya vita, namtaka na vifaranga wake!” Watu walikuwa wanacheka. Nilipita nyuma yao nikiwa nimejifunika.

Siku tatu sikula vizuri. Niliswali, na kila nilipotoa salamu ya kulia na kushoto, ulimi ulikuwa mzito kwenye neno lenyewe, salamu. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilijua pia gharama yake. Ishaq alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani. Nargis amekua akiambiwa, uwe kama bibi yako. Na zile nyumba kumi na nne. Nikajiambia, ameshazeeka, ataondoka, na mimi nitaondoka, tutamalizana mbele ya Mungu. Lakini nilikumbuka alivyosema, “Nilisimama mlangoni.” Mtu aliyesimama mlangoni miaka arobaini, mimi nimwambie asubiri kiama?

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mwisho ya maonyesho, nilifukua barua ya kwanza kutoka chini ya sanduku la unga. Nikamwambia Ishaq anipeleke tena.

“Mama, umependa sanaa uzeeni?” Ishaq akanitania, akiwasha gari. “Kesho utaniambia umenunua brashi.”

“Utaingia na mimi,” nikamwambia. “Nataka unisikie.”

Ghala lilikuwa limejaa, kwa kuwa watu walitaka kuona kabla vitu havijafungwa. Sogra alikuwepo na glasi yake ya chai. Dada Shehla alipoona nimekaa penye kinasa sauti alifurahi, akawaomba watu wanyamaze. “Huyu ndiye aliyeandika barua hizi,” akawaambia. Wageni wakapiga makofi. Ningependa ardhi inimeze kwa yale makofi.

Nikasema bismillahi. Nikafungua karatasi, nikasoma kama inavyotakiwa kusomwa. Salamu kutoka kwa mama yako. Salamu kutoka kwa Hasan. Salamu kutoka kwa Bilqis, ambaye bado anakuwekea sehemu yako ya siagi. Nikasoma mpaka mwisho. Kisha nikaiweka chini.

“Bilqis,” nikasema, “mimi ni Kulsum, mke wa pili wa Rozi Ali. Hukumkosea kitu. Mstari huu mimi sikumsomea. Niliuruka, naye akakuhesabu maiti, na siku ya arobaini alitoa mikate yako. Ndiyo maana hakukusalimu. Hakuwahi kukuacha. Alikufa mwaka juzi akidhani anakufuata. Nilifanya kwa wivu. Sikuombi kitu. Umeuliza, nimekujibu.”

Hakuna aliyepiga makofi. Wageni wa mjini walikuwa wanaulizana amesema nini, na hakuna wa kijijini aliyewatafsiria. Nikasikia glasi ikiwekwa kwenye jiwe.

“Kulsum,” Sogra akasema. Hakuniita Mama Ishaq. “Barua ya kaka yangu.”

“Nilikusomea yote, Sogra. Yako na za wengine zote, neno kwa neno. Wallahi.”

“Ile ambayo jina lake halikuwemo. Nilikaa jikoni kwako nikahesabu vidole. Ulinipa maji. Nilifanya matanga.”

“Halikuwemo kweli. Naapa kwa Mungu.”

“Na kwa Rozi uliapa kwa nani?”

Wanawake wengine walianza kutazamana, nami niliona kila mmoja anarudi kwenye jiko langu la zamani, anakaa penye mkeka ule ule, anasikiliza upya. Mzee mmoja wa upande wa msikiti akatoka bila kuvaa viatu vyake sawasawa. Sogra alifunika kichwa chake kwa ushungi, kama afanyavyo mtu aliyefiwa, akanipita.

Ishaq aliendesha mpaka darajani. Pale akasimamisha gari, ingawa haruhusiwi mtu kusimama darajani.

“Baba alikuwa anatabasamu,” akasema. “Nilikuwa nimemshika kichwa. Nilidhani ameona malaika.”

“Najua.”

“Ulikuwa unamkanda miguu, Mama. Ungeweza kumwambia.”

“Ningemwambia nini, mwanangu? Kwamba huko anakokwenda hatamkuta?”

“Ndiyo,” akasema. “Hicho hicho.” Akawasha gari.

Tangu siku ile ananiletea kuni na dawa kama kawaida, na ananiita Mama. Lakini anakula kwake. Nargis ndiye anayekuja, anakaa na mimi paani, na mara nyingine ananitazama kama anasoma kitu kilichofutwa. Aprikoti za mwaka huu tulizimaliza wawili, kazi ya watu wanane. Wanawake ambao huja kusaidiana kupasua kokwa hawakuja. Juzi jirani mmoja alipata karatasi kutoka hospitali, akapita mlango wangu, akaenda kumsubiri mwalimu mpaka shule ilipotoka.

Maonyesho yalifungwa, uzi mwekundu ukakunjwa. Ngome ikarudi kuwa ngome. Theluji ya kwanza ilipoonekana juu ya milima, Nargis akaja mbio na simu mkononi.

“Bibi, yamekuja majibu! Dada Shehla ametuma. Ni kutoka Chulithang.”

Nikamwambia akamwite baba yake. Ishaq alikuja, akakaa karibu na mlango, kofia yake magotini. Nikachukua tasbihi ili nihesabu vizuri kuliko vidole. Nargis akaweka simu juu ya sanduku la unga na kubonyeza.

Ilikuwa sauti ya mwanamume wa makamo, mtoto wa Hasan. Alisoma taratibu kama anayesoma kwenye karatasi. Maneno yetu yamefika, alisema. Yamesikilizwa nyumbani mbele ya watu wote. Kisha akaanza salamu. Kutoka kwa Hasan, ambaye sasa haoni. Kutoka kwa mke wa Hasan. Kutoka kwake mwenyewe na mkewe. Kutoka kwa watoto, mmoja mmoja. Kila jina nilisukuma punje moja. Zilifika kumi na saba. Zote salamu kwa nani? Kwa Ishaq mwana wa Rozi Ali. Kwa mke wa Ishaq. Kwa Nargis na kaka zake. Kwa kaburi la Rozi Ali, Mungu aliangazie. Wassalamu alaikum. Mwisho.

Majina mawili hayakuwemo. Miongoni mwa waliosalimu, Bilqis hakutajwa. Miongoni mwa waliosalimiwa, mimi sikutajwa.

Nargis ni mtoto wa simu, lakini kwa hili ni mtoto wa kwetu, naye alielewa. Akashika mdomo. “Labda wamesahau,” akasema. “Naweza kumwandikia Dada Shehla aulize. Ni dakika moja tu, Bibi. Kama Bibi Bilqis yupo au…”

“Haiulizwi,” Ishaq akasema kutoka mlangoni.

“Lakini siku hizi…”

“Nargis. Haiulizwi.”

Akasimama, akavaa kofia. Nilidhani ataondoka. Akaja mpaka penye sanduku, akaichukua simu, akaibonyeza iwe kimya, maana ilikuwa imeanza kurudia salamu tangu mwanzo. Akasema, “Theluji itafunga paa. Kesho nitakuja kulisafisha.” Kisha akaenda.

Sasa ni wiki ya sita. Sijui kama Bilqis alifariki kabla ya maneno yangu kumfikia, au aliyasikia, akakaa kimya, akawaambia wasimtaje kwangu, kama alivyowaambia safari ile. Kama ni hilo la pili, ni haki yake. Mimi mwenyewe nilimfundisha. Kila baada ya swala namwombea, na nikifika mahali pa kusema rehema au afya, nasimama, kisha nasema yote mawili.

Kesho ni siku ya arobaini tangu sauti ile ilipokuja. Leo asubuhi nilipima unga wa shayiri, nikautia chumvi kwenye beseni la shaba. Nikamwaga maji, nikaanza kukanda. Katikati nikakumbuka mikono hii ilivyokanda safari ile, na yeye anakamua ng’ombe. Mkono ukasimama.

Nimeufunika unga kwa kitambaa. Umekaa pale karibu na moto, si mkate wala si unga tena, na bado sijajua niuoke au nimtilie ng’ombe.